Nimegombana na mtu kwenye mawimbi Malindi, naomba mnieleze nani alikosea

Mtoto wa Budondo aliandika:

Wakubwa salamu. Mi ni mtu wa Jinja, nimekulia kando ya Nile na kazi yangu ni kayaki ya usalama (kayaki ni kale kamtumbwi ka mtu mmoja), yaani sisi tunaosindikiza rafti, yale maboti ya mpira ya watalii, zikipinduka tunawaokota watu. Ubao wa kupandia mawimbi nimeanza miaka minne iliyopita kwenye mawimbi ya mto, bahari sikuwahi kujaribu mpaka mwezi wa nane nilipoenda Malindi kwa shemeji yangu, kusi inavuma, kwenye ile ghuba mawimbi yanaingia vizuri sana.

Sa kilichotokea ni hivi. Tulikuwa watu saba au nane majini, nikakaa pembeni nikitafuta foleni iko wapi, sikuiona, nikaanza kuhesabu mwenyewe kichwani, huyu kapanda, yule kapanda, bado mimi. Kuna jamaa mmoja mtu mzima alipanda mara tatu mi sijapanda hata moja. Likaja wimbi safi nikasema hili ni langu, nikapiga maji nikasimama, kumbe yule jamaa ameshasimama nyuma yangu anakuja na mwendo, ikabidi ajirushe, ubao wake ukanipita karibu na sikio. Alipoibuka alinitukana mbele ya watu wote, akamwingiza na mama yangu humo, akaniambia nirudi nilikotoka. Nikatoka majini na sikurudi tena, na nilikuwa nimebakiza siku mbili.

Mpaka leo linaniuma. Kwetu mtoni mtu akipanda mara tatu wenzake wanasubiri kwenye edi, yale maji yanayozunguka kando ya mkondo, yeye ndo anayesemwa. Nijibuni kwa ukweli.

Mpwani Kampala alijibu:

Pole sana ndugu yangu. Mi mtu wa Kilifi, huku Kampala niko kikazi. Kumtukania mtu mama hakuna kosa la majini linalostahili hivo. Ila kwenye wimbi lenyewe ulikosea wewe, na naona hukufanya kwa ubaya, ulibeba desturi ya mto ukaipeleka baharini.

Wimbi la Nile limesimama. Maji yanapita wimbi linabaki palepale, ukishuka mwenzako analikuta vilevile, kwa hiyo mnachogawana ni muda na muda mnaugawa kwa foleni. La bahari linatembea, linavunjika mara moja tu na limekwisha. Linaanza kuvunjika sehemu moja afu povu linakimbia kwenda upande, na yule aliye karibu zaidi na pale linapoanzia ndo mwenye wimbi, kwa sababu nyuma yake kuna povu hawezi kurudi, njia yake iko mbele tu, na wewe ukasimama humo humo kwenye njia. Hapo umemkatia wimbi. Kwa hiyo kabla hujasimama geuza shingo uangalie upande wa povu, ukiona mtu kasimama au yuko karibu kusimama vuta ubao wako nyuma umwachie, hata kama umesubiri saa nzima. Kuna mawimbi yanayofunguka pande mbili, hayo watu wawili wanaweza kugawana ila mnaambiana kwa sauti, mi kushoto, mi kulia.

Lingine ambalo wageni wengi hawaambiwi, wakati wa kutoka kwenda nje usipite katikati ya watu wanaopanda, zunguka pale maji yalipotulia. Ukikutwa katikati na mtu anakuja, elekea kwenye povu nyuma yake, likupige tu, usijaribu kumkimbilia mbele. Na usiutupe ubao. Ubao wa futi 6 na kamba yake ya mguuni ya futi 6 ni zaidi ya mita tatu na nusu, huo wote unazunguka mahali ulipo na nyuma yako kuna mtoto wa mtu.

Mtoto wa Budondo aliandika:

Asante kaka, hapo kwenye wimbi kusimama na wimbi kutembea umenifungua macho, hakuna aliyewahi kuniambia hivo. Nakubali nilimkatia. Lakini zile mara tatu? Alikuwa akimaliza anarudi ananipita pembeni anakwenda kukaa ndani zaidi yangu, sasa mimi nitakuwa karibu na pale linapoanzia lini?

Mpwani Kampala alijibu:

Hapo sasa yeye ndo alikosea, na kosa lake lilitangulia lako. Hiyo ni kuzunguka watu kama nyoka, na watu wa mawimbi dunia nzima hawaipendi. Kwa kanuni ya aliye karibu anaonekana ana haki, lakini haki yenyewe kaipata kwa kukupita wewe uliyekuwa unangoja. Ukishapanda unarudi unakaa pembeni ya wenzako, mbali na pale wimbi linapoanzia, unaacha wapande. Halafu ubao wake ulikuwa mrefu? Niambie maana mwenye ubao mrefu analidaka wimbi kule mbali likiwa bado mgongo tu, sisi wenye mfupi hatujaanza hata kupiga maji, akitaka anaweza kuyachukua yote asubuhi nzima. Ndo maana yeye anatakiwa kuachia zaidi kuliko wengine.

Mtoto wa Budondo aliandika:

Mrefu ndiyo, ule wa futi tisa hivi.

Dada wa Kayaki alijibu:

Banange nimesoma yote nikasema nami niweke langu, maana tunamsema mtu wa Malindi na sisi huku kwetu hatuko safi. Mimi niko Njeru, kayaki nimecheza zaidi ya miaka kumi.

Foleni yetu kwenye edi ni nzuri ikifuatwa. Shida ni hii, mgeni anakuja na ubao, ana uwezo, anakaa juu ya wimbi dakika nne, tano, huku edi imejaa watu sita na maji yale yanakuvuta, mikono inachoka kwa kungoja tu. Kwa kuwa hajaanguka anaona zamu yake haijaisha. Hapana. Ukishafanya mambo yako mawili matatu na unaona watu wanangoja, shuka. Na sisi wa kayaki tuna kosa letu, mtoto wa kijijini akija na ubao wa kuazima akaanguka sekunde ya kwanza tunamwambia kashamaliza arudi mwisho, na kurudi juu kwenye edi ni kupambana na mkondo dakika nyingi. Mi huwa namwachia ajaribu tena. Najua wengine hawakubaliani na mimi kwa hilo.

Na mawimbi yenyewe yamepungua, tusisahau. Bwawa la Bujagali lilipokamilika 2012 yale maporomoko tuliyoyajua tangu utoto yalishazama, afu 2019 Isimba nayo ikazinduliwa huko chini. Watu waliokuwa wametawanyika mto mzima sa wanarundikana sehemu chache, ndo maana midomo inakuwa mirefu.

Mtoto wa Budondo wewe hili unalijua, nawaambia wengine. Rafti inayoshuka haina breki. Wewe uliye juu ya wimbi unatazama kule mto unakotoka kwa hiyo unaiona, toka mapema, usingoje filimbi.

Ssebo Mto alijibu:

Mdogo wangu, mimi ni mtu mzima kidogo na nimesafiri. Hilo neno rudi ulikotoka lisikufanye uone ni wewe tu. Nat Young wa Australia, bingwa wa dunia wa 1966, alipigwa mwaka 2000 huko Angourie, nyumbani kwake, kwa ugomvi wa mawimbi, mpaka mifupa ya uso ikavunjika. Na California kuna mahali panaitwa Lunada Bay, wenyeji walikuwa wanafukuza wageni miaka na miaka, walijijengea hata kibanda cha mawe pale ufukweni, kikabomolewa 2016 na kesi ikafika mahakamani. Bahari si shamba la baba wa mtu. Mwenyeji ana haki ya kukuelekeza, kukuonyesha jiwe liko wapi na mkondo unavuta wapi, hiyo ndo kazi yake. Ungerudi zile siku mbili.

Dada, naomba uwaambie vijana habari ya lishi, ile kamba ya mguuni. Wanatoka nayo baharini wanakuja kuifunga mtoni.

Dada wa Kayaki alijibu:

Kweli mzee, hilo ndo ningeanza nalo. Baharini kamba ya mguuni inakuokoa, ubao ndo boya lako. Mtoni ikinasa kwenye jiwe au mti chini ya maji mkondo unakusukuma usoni, huwezi kukunja mwili ukaufikia mguu. Munich kule Ujerumani, kwenye wimbi la mto Eisbach ambako watu walikuwa wanapanga foleni kingo zote mbili, mwezi wa nne 2025 mwanamke mmoja kamba yake ilinasa chini akafariki. Walifunga wimbi, na walipolifungua mwezi wa sita wakasema lazima kamba inayojifungua yenyewe. Huku kwetu ama usivae kabisa ama vaa ya kiunoni yenye kishikizo unachovuta kwa mkono mmoja.

Mtoto wa Budondo aliandika:

Nashukuru wote. Nimemtumia shemeji ujumbe usiku huu, yule jamaa wanafahamiana, nimemwambia amfikishie kwamba nilimkatia na naomba radhi kwa hilo. Ya mama yangu nimesema tutaongea tukionana, mwakani kusi ikirudi nitaenda.

Dada, mi navaa ya mguuni. Nilikuwa sijui. Hiyo ya kiunoni naipata wapi?

Dada wa Kayaki alijibu:

Ivue leo. Jumamosi asubuhi njoo huku Njeru, nina mkanda wa ziada, tutaujaribu kwanza kwenye maji yaliyotulia mpaka mkono uzoee kuvuta bila kuangalia.