Ulinganisho: Saltaire, Marsden au Alderley Edge kwa familia inayokwenda kazini kwa treni?

MsafiriWaAsubuhi (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, poleni na majukumu. Mimi na mwenzangu tunaishi Leeds. Yeye ni muuguzi Manchester, mimi kazi yangu ipo hapa hapa Leeds, na kwa miaka miwili sasa amekuwa akiondoka gizani na kurudi gizani. Tumekubaliana kuhamia kijijini, mradi pawe na stesheni ya kutembea kwa miguu. Suala la kodi ya nyumba na nauli tumeshalipigia hesabu mezani kwetu, hivyo naomba tusilirudie hapa.

Ninachotaka kulinganisha ni historia na hulka ya vijiji vyenyewe. Watu huviita kwa pamoja vijiji vya kulala, kwa kuwa wakazi wake hushinda mjini na kurudi jioni, lakini mimi nimeshuka kwenye vitatu na sikuona vinavyofanana: Saltaire karibu na Bradford, Marsden juu kwenye bonde la mto Colne, na Alderley Edge kusini mwa Manchester. Nimevifikia mara moja moja tu, tena siku za mapumziko, na mgeni wa Jumapili huonyeshwa sebule. Waliokaa huko, au waliosoma habari zake kwa makini, naomba mnieleze kila kimoja kilitokana na nini na kimebaki na tabia gani.

BintiMkonge

Ndugu Msafiri, nimeishi Saltaire miaka sita, hivyo nitasema ya huko tu.

Ukishuka kwenye treni, kitu cha kwanza kukukabili ni kiwanda cha sufu cha ghorofa sita, cha mawe ya rangi ya mchanga, kilichosimama ubavuni mwa reli kama meli iliyopanda nchi kavu. Kilifunguliwa tarehe 20 Septemba 1853, siku ambayo mwenyewe, Titus Salt, alitimiza miaka 50. Salt alitajirika kwa manyoya ya alpaka kutoka Amerika ya Kusini, ambayo wafanyabiashara wengi hawakujua wayafanyie nini, na alikuwa ameshaonja umeya wa Bradford katika miaka ile ambayo kipindupindu kiliua watu wa mji huo. Alipovitoa viwanda vyake katika moshi wa Bradford na kuviunganisha kuwa kimoja kando ya mto Aire, alijenga na kijiji kizima: nyumba za wafanyakazi, kanisa, shule, hospitali, nyumba za wazee, mahali pa kuogea na kufulia, na baadaye ukumbi wa elimu, na simba wanne wa mawe wakilinda pande mbili za barabara. Jina la kijiji ni lake na la mto. Mitaa ni ya mkewe na watoto wake: Caroline, George, Ada, Helen. Hata wasanifu wake, Lockwood na Mawson, kila mmoja ana mtaa.

Mimi nilikulia Tanga, katika kambi ya shamba la mkonge ambako baba alikuwa karani, na siku ya kwanza nilipopita mitaa ile moyo ulinishtuka kwa sababu nilikuwa ninaijua. Nyumba za vibarua zimefuatana safu kwa safu, ndogo, za kufanana. Mwishoni mwa safu unakuta iliyoinuka zaidi, hiyo ilikuwa ya msimamizi. Ukipanda Albert Road unazikuta za wakubwa, zenye bustani mbele. Cheo cha mtu kilisomeka kwenye paa lake. Na kama ilivyokuwa kwetu, mwenye kazi ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, na ndiye aliyeamua kwamba kijijini hapauzwi pombe.

Salt alifariki mwaka 1876. Reli nayo ina kisa chake, kwani stesheni ilifungwa 1965 ikafunguliwa upya 1984, na miaka miwili baadaye kiwanda ndicho kikafungwa. Watu ambao babu zao walikwenda kazini kwa king'ora wakawa wanakwenda kwa ratiba ya treni. Mwaka 1987 jengo lilinunuliwa na Jonathan Silver, akaweka ndani yake picha za mchoraji David Hockney, mzaliwa wa Bradford, na mwaka 2001 UNESCO ikakiingiza kijiji chote katika orodha ya urithi wa dunia.

Uzuri wake una gharama. Mlango wangu wa mbele ulipooza chini kwa mvua, nilisubiri kibali cha kuubadilisha kwa muda mrefu kuliko ambavyo fundi alihitaji kuutengeneza, na Jumapili nimekuta wageni wakichungulia dirishani kwangu nikiwa ninakunywa chai. Mkiweza kuvumilia kuishi ndani ya makumbusho, majirani ni wema na Leeds ni karibu mno. Kwa muuguzi wa Manchester, hata hivyo, ninaona shida.

MjukuuWaFundi

Nikamate Alderley Edge, ingawa sikai huko na sitegemei kukaa kabla ya kushinda bahati nasibu.

Dada BintiMkonge ameeleza kijiji kilichozaliwa na kiwanda. Hiki kilizaliwa na treni. Kabla ya hapo palikuwa na nyumba chache za wakulima, na pakiitwa Chorley, jina ambalo baadaye liliachwa kwa sababu Lancashire kuna Chorley nyingine kubwa zaidi. Reli ya kutoka Manchester ilifika mwaka 1842. Kampuni ya reli ilitaka abiria wenye uwezo, na ili kuwapata ilitangaza kwamba atakayejenga nyumba ya thamani iliyotajwa, karibu na stesheni, angepewa tiketi ya msimu bila malipo, tena ya daraja la kwanza, kwa miaka mingi. Matajiri wa pamba wa Manchester wakapanda kilimani kuukimbia moshi wa bomba zao wenyewe. (Kanga za bibi zetu nyingi zilichapwa katika viwanda vya Manchester; sisemi kwamba hela ya bibi yangu ilijenga ghorofa kule, lakini mawazo hayo hunijia nikipita.) Kwa hiyo anayetaka kujua kijiji cha wasafiri wa kila siku katika umbo lake la asili, aende pale, watu walihamia kwa sababu ya tiketi.

Hulka yake haijabadilika sana. Zamani mabepari wa pamba, leo wachezaji wa soka na wafanyabiashara, na barabara kuu imejaa magari ambayo bei yake moja ingejenga zahanati. Ua ni mrefu, geti ni la umeme, na jirani unamjua kwa namba ya gari.

KisimaChaWali

MjukuuWaFundi, umekionea kijiji, kwa kuwa umekieleza kuanzia stesheni. Tembea dakika chache kutoka madukani ufike kwenye jabali lenyewe ambalo kijiji kimechukua jina lake, msitu wa misonobari juu ya mawe mekundu, na chini yake kuna mashimo ya shaba yaliyochimbwa tangu Zama za Shaba, takriban miaka 4,000 iliyopita. Koleo la mbao lililokutwa katika machimbo hayo limepimwa likaonekana ni la zama hizo, nalo limehifadhiwa Manchester.

Ipo pia hadithi ambayo watu wa pwani wataipenda. Mkulima wa Mobberley alikuwa anapeleka farasi wake mweupe mnadani Macclesfield. Njiani mzee mmoja akataka kumnunua, mkulima akakataa. Mzee akamwambia kwamba mnadani farasi atasifiwa na wote na hatanunuliwa na yeyote. Ikawa hivyo. Jioni mzee alimngojea pale pale, akagusa mwamba kwa fimbo, ukafunguka lango la chuma, na ndani wamelala mashujaa na farasi zao weupe, isipokuwa shujaa mmoja aliyekosa farasi. Mahali pa hadithi hiyo pana kisima kidogo kinachodondoka kutoka kwenye jabali, na uso wa mzee umechongwa juu yake. Nimewaona wazazi wenye magari hayo ya bei wakiinua watoto wao wakinge maji kwa viganja.

MpandaMlima

Nimengoja wengine wamalize kwa sababu Marsden haielezeki kwa jina la mtu mmoja wala kwa tangazo moja la reli, na ninaomba mnivumilie nikirefusha.

Bonde la Colne hupanda kutoka Huddersfield likizidi kuwa jembamba, na Marsden ni mahali ambapo bonde linakwisha na mlima unaanza. Mvua ni nyingi, udongo wa juu ni mboji nyeusi isiyootesha nafaka, hivyo watu wa huko tangu kale walifuga kondoo wachache na kufuma sufu majumbani mwao. Ndiyo maana nyumba nyingi kongwe za ukanda huo zina safu ndefu ya madirisha ghorofa ya juu, yaliyobanana, ya kumwangazia mfumaji kwenye kitanda chake cha mfumi. Kisha maji yaliyokuwa yakishuka bure mlimani yakaanza kuzungusha mashine, na hapo ndipo ugomvi ulipoingia. Ndugu wawili wahunzi wa Marsden, Enoch na James Taylor, walitengeneza mashine za kukatia manyoya ya kitambaa, kazi iliyokuwa ya mafundi wenye ujuzi na mshahara mzuri. Nyundo kubwa waliyoitumia wafuasi wa Ludd, yaani mafundi waliozipinga mashine, kuzivunjia mashine hizo nayo iliitwa Enoch, wakisema Enoch ndiye aliyezitengeneza na Enoch ndiye atakayezivunja. Aprili 1812 William Horsfall, mwenye kiwanda cha Marsden aliyeapa kutowaogopa, alipigwa risasi akirudi kutoka soko la Huddersfield, na mwaka uliofuata vijana watatu walinyongwa York kwa mauaji hayo.

Mwaka mmoja kabla ya risasi hiyo, 1811, lilifunguliwa handaki la mfereji la Standedge baada ya miaka zaidi ya 16 ya kuchimba. Lina urefu wa takriban kilomita 5 chini ya mlima, na hakuna lenye urefu wala kina kama hicho katika mifereji ya Uingereza. Wachimbaji hawakuacha njia ya farasi ndani, kwa hiyo farasi alivushwa juu ya mlima na mtoto au mke wa nahodha, huku wanaume wakilala chali ubaoni gizani na kuusukuma ukuta kwa miguu, hatua baada ya hatua, wakitembea bila kusimama mpaka upande wa pili. Reli ilipokuja ilitoboa mlima huo huo mara tatu, na leo treni hutumia tundu la mwisho, la mwaka 1894. Mfereji ulifungwa 1944 ukazibuliwa na kufunguliwa tena 2001. Nikipita humo asubuhi na kahawa yangu mkononi, dakika chache tu za giza, mara nyingi miguu yangu ndiyo inayowakumbuka wale watu kabla ya akili.

Kuhusu tabia ya watu, nitatoa kisa chao wenyewe. Wanasimulia kwamba wahenga wao waliona kila kekeo, yule ndege wa kiangazi, akifika, hali ya hewa huwa nzuri. Wakaamua kumjengea ukuta asiondoke. Ndege akaruka juu ya ukuta, na wao wakasikitika kwamba walipungukiwa mstari mmoja wa mawe. Kijiji kinachosimulia ujinga wake kama hadithi za Abunuwasi, na kuufanyia sherehe kila Aprili, ni kijiji ambacho mgeni hupata nafasi ya kuketi.

Kasoro zipo. Treni za kasi za Leeds na Manchester hupita bila kusimama, zinazosimama ni za taratibu, na zikifutwa utabaki jukwaani ukitazama mvua. Ukame ukizidi mlima hushika moto, kama ilivyokuwa 2019, na moshi huingia mpaka chumbani.

BintiMkonge

Ndugu MpandaMlima, nakubali. Saltaire mwenye mali alifikiri kwa niaba ya watu, na utaratibu wake bado upo kwenye mawe. Marsden watu walibishana na wenye mali mpaka damu ikamwagika, na naona ubishi huo umebaki kwenye vikao vyao. Mimi napenda utaratibu, ndiyo maana nipo nilipo.

MtoTyne

Naongeza kimoja ambacho hakimfai mwanzisha mada kwa kazi, ila historia ya mada hii haikamiliki bila yake: Wylam, magharibi ya Newcastle. George Stephenson, yule mhandisi maarufu wa reli, alizaliwa hapo tarehe 9 Juni 1781, katika nyumba ya mawe iliyogawanywa kwa familia nne, chumba kimoja kwa kila familia, na mbele ya mlango ikapita njia ya magari ya makaa ya mawe yaliyovutwa na farasi. Juu ya njia hiyo hiyo ndipo ilipokuja kupita injini ya mvuke ya Puffing Billy, iliyotengenezwa kwa ajili ya mgodi wa kijiji kuanzia 1813. Stesheni ni ya 1835 na bado inatumika. Ipo ng'ambo ya mto, hivyo anayekwenda kazini Newcastle huanza safari yake kwa kuvuka daraja la kijiji juu ya mto Tyne kwa miguu. Mgodi haupo tena. Njia ya makaa sasa ni ya baiskeli, na nyumba bado ipo pembeni.

MsafiriWaAsubuhi (mwanzisha mada)

Nawashukuru sana. Mwenzangu amesoma majibu yote baada ya zamu ya usiku. Alderley Edge tumeiondoa, ila kisima tutakwenda kukiona. Saltaire yeye ameipenda kwa picha mpaka alipofika kwenye mlango wa dada BintiMkonge. Marsden ndiyo iliyo katikati ya kazi zetu mbili, na Jumatatu ijayo, siyo Jumapili, tutapanda treni ya taratibu ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuone nani mwingine yupo jukwaani.

MpandaMlima

Vaeni viatu vya mvua. Mkishuka, teremkeni mpaka kanisani mkalione kaburi la Enoch Taylor kabla hamjazitazama nyumba, kisha mniulize mtaa upi unapata jua. Ni mmoja tu.