Mchujo wa riadha Kenya: wa nne apewe tiketi ya Olimpiki?

MLETA MADA
Wadau, kila mwaka wa Olimpiki ugomvi wetu ni ule ule. Mchujo wa kitaifa unakwisha, matokeo yanajulikana, halafu watu wanaanza kumtetea nyota aliyeshindwa. Mimi nasema wateuzi wanyang'anywe kalamu. Nafasi ni tatu, waende watatu wa kwanza, basi.

Wamarekani hawana huruma katika hili. Mwaka 2024 Athing Mu, bingwa mtetezi wa mita 800, alianguka kwenye fainali ya mchujo wao kule Eugene. Alikata rufaa, ikatupwa, na mbio hizo akazikosa Paris. Na msiniambie mabingwa wetu wataonewa: David Rudisha wa mita 800 alimaliza wa tatu kwenye mchujo wa Eldoret mwaka 2016, akaenda Rio akatwaa dhahabu. Kijana asiye na jina anategemea fainali moja tu maishani. Akimpita bingwa wa dunia watu wote wakiona, mnataka athibitishe nini zaidi?

MCHANGIAJI 1
Mkuu, 2021 umeiruka makusudi. Timothy Cheruiyot, bingwa wa dunia wa mita 1500, alikuwa wa nne kwenye mchujo pale Kasarani, Nairobi. Wakamwacha nje, kama unavyotaka wewe. Aliingia baadaye kwa sababu Kamar Etyang, aliyemaliza mbele yake, hakuwa ametimiza vipimo vya dawa vinavyotakiwa. Cheruiyot huyo huyo akarudi na nishani ya fedha kutoka Olimpiki ya Tokyo. Nishani ile tuliipata kwa bahati.

MCHANGIAJI 2
Ongeza Conseslus Kipruto. Bingwa wa Olimpiki wa kuruka viunzi na maji, hakumaliza mbio kwenye mchujo huo huo, akaachwa. Huko Tokyo El Bakkali wa Morocco akabeba dhahabu ambayo Kenya ilikuwa haijaipoteza katika Olimpiki yoyote iliyoshiriki tangu 1968.

MLETA MADA
Kipruto ananisaidia mimi, ndugu yangu. Mtu aliyeshindwa kumaliza mbio Nairobi mwezi Juni, angemfukuzaje El Bakkali mwanzoni mwa Agosti? Kwa Cheruiyot nakubali inauma. Lakini ukimfungulia yeye mlango, kesho atapita nani? Mwenye meneja mkubwa.

MCHANGIAJI 3
Nyote mnazungumza kama vile mchujo ni kipimo kilichonyooka. Nairobi iko juu sana, hewa nyepesi inambeba mkimbiaji wa mita 100 na kumkaba wa masafa marefu. Kwenye mchujo wa Juni 2024 pale Nyayo, Nairobi, Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79, Paris akaishia nusu fainali. Siku hiyo hiyo Wanyonyi alipiga 1:41.70 katika mita 800, naye akaenda kuchukua dhahabu kwa 1:41.19. Uwanja mmoja, siku moja, utabiri mbali mbali.

Halafu kuna mita 10,000. Mwaka 2012 na tena 2024 mchujo wake ulipelekwa Eugene, Marekani! Sikatai, Beatrice Chebet aliweka rekodi ya dunia huko, 28:54.14, akamalizia na dhahabu mbili Paris. Ila huo mchujo ni wa taifa gani, ikiwa mkimbiaji wa kambi ndogo ya mazoezi asiyealikwa hawezi hata kufika kwenye mstari wa kuanzia?

MCHANGIAJI 4
Hapo ndipo penyewe. Mnagombania wa tatu na wa nne, wakati mlango umefungwa miezi mingi kabla. Kenya iko kwenye kundi la nchi zinazochungwa zaidi kwa dawa za kusisimua misuli, hivyo mwanariadha lazima awe amepimwa mara tatu nje ya mashindano, bila taarifa, ndani ya miezi kumi kabla ya mashindano makubwa. Anayepimwa ni nani? Yule anayejulikana tayari.

Mwaka 2019 Michael Kibet na Daniel Simiyu walikuwa wa kwanza na wa pili mita 5000 kwenye mchujo wa kwenda Mashindano ya Dunia ya Doha. Wote wawili wakaachwa kwa kukosa idadi ya vipimo. Hawakushikwa na dawa yoyote! Simiyu alisubiri mpaka Budapest 2023 kupata nishani ya fedha ya dunia, mita 10,000. Kwa hiyo, mleta mada, hao watatu wako wa kwanza wanaweza kushinda na bado wasiende, na mteuzi hajagusa kalamu.

MLETA MADA
Sawa, lakini hilo halimrudishii mteuzi kalamu. Linamwongezea kazi daktari. Wanane wa kila fainali ya mwaka uliotangulia waingie kwenye orodha ya kupimwa, pamoja na chipukizi waliofika muda wa kufuzu, na orodha itangazwe mapema kila kambi iione. Mchujo ukifika, kila aliye kwenye mstari awe anaruhusiwa kushinda.

MCHANGIAJI 1
Na bili ya vipimo hivyo vyote anatumiwa nani?