Mjadala: Ewok kuongea Kiingereza kwenye katuni, walipata au waliporwa?

Wakuu, juzi nilikuwa naangalia Ewoks na mpwa wangu, ile katuni ya 1985 ambayo Nelvana ya Toronto iliitengenezea televisheni ya ABC ya Marekani. Kwa asiyeijua, ni kabila la vidubu wanaoishi kwenye vijumba juu ya miti huko Endor, mwezi wenye misitu katika hadithi za Star Wars. Chifu ni Chirpa, mganga ni Logray, na Wicket ndiye dogo mtundu anayebeba hadithi. Dakika tano hazijaisha nikaulizwa: "Anko, mbona kwenye filamu walikuwa na lugha yao?"

Nikabaki nimeduwaa. Ni kweli. Kwenye filamu ya Star Wars ya 1983, fundi wa sauti Ben Burtt aliwatungia lugha akichota kwa Wakalmiki, watu wenye asili ya Kimongolia wanaoishi Urusi. Kumbukeni usiku ule roboti C-3PO anawasimulia habari za vita. Hakuna tafsiri hata mstari mmoja chini ya picha. Anaiga milio ya ndege za kivita, anaiga pumzi ya Vader, yule adui mwenye barakoa nyeusi, na vidubu wamekodoa macho kama watoto kwa bibi. Kuna aliyepotea hapo?

Jamaa yangu mmoja anasema nakuza mambo: katuni ni ya watoto wadogo, nani atavumilia nusu saa ya lugha asiyoijua? Akanimaliza kabisa aliposema sungura na fisi wa ngano zetu wanaongea Kiswahili na hatujawahi kulalamika.

Hapo nakubali, lakini nusu tu. Fisi hakuwahi kuwa na lugha akanyang'anywa. Hawa walikuwa nayo. Wangeachiwa basi salamu, nyimbo na matusi ya Wicket akikasirika. Mtoto hashindwi kudaka hayo.

Tena filamu hiyohiyo ina rubani Nien Nunb, ambaye sauti yake ni ya Mkenya Kipsang Rotich akiongea Kikuyu. Dunia nzima ilisikia lugha ya sayari ya mbali, Mkikuyu akasikia lugha ya nyumbani, na filamu haikupungukiwa na kitu.

Sasa mnaosema Kiingereza kilikuwa lazima, dogo bado anasubiri jibu. Nimwambieje?