IP ya kudumu, VPS au Cloudflare Tunnel? Seva ya nyumbani haionekani nje

Mzee_wa_Ubuntu
Habari zenu wakuu. Nina seva ndogo nyumbani, Ubuntu na Apache (programu ya kutoa tovuti). Ndani inafunguka vizuri kwa 192.168.1.20. Nimeelekeza poti 80 na 443 kwenye ruta, lakini mtu wa nje hapati kitu. Kampuni ya intaneti wananiambia nilipie IP ya kudumu na wanataka jibu wiki hii. Jirani anasema VPS, yaani seva ya kukodi mtandaoni, kijana wa ofisini anasema Cloudflare Tunnel, yaani wageni wapitie mitambo ya Cloudflare hadi kwangu. Nichukue ipi?

fundi_waya
Mkuu, umetuachia nusu ya habari. Ingia kwenye ruta, ukurasa wa WAN (upande wa intaneti), soma IP iliyoandikwa pale. Halafu fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Zinafanana? Na ulijaribu kwa bando la simu au ukiwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo? Ruta nyingi za nyumbani ukiita IP yako ya umma ukiwa ndani hazikurudishi, unadhani seva imekufa kumbe iko hai.

BintiTanga
Tuambie pia ni tovuti ya nini. Watu wanapakia mafaili makubwa? Na ufw, fayawoli ya Ubuntu, umeiangalia? Kama umeruhusu 192.168.1.0/24 peke yake, wa nje atagonga mpaka achoke.

Mzee_wa_Ubuntu
ufw imeruhusu wote. Nimejaribu kwa simu, Wi-Fi nimezima. Ruta inasoma 100.72 na kuendelea, tovuti ya nje inasoma 41 na kuendelea.

fundi_waya
Basi iache ruta, haina kosa. Uko nyuma ya CGNAT. Kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 ni anwani zilizotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo: kampuni inawakusanya wateja wengi chini ya IP moja ya umma, maana anwani za IPv4, yaani IP za mfumo wa zamani, zimeadimika tangu ghala kuu la dunia lilipokauka Februari 2011. Mgeni akigonga ile 41 anaishia kwenye mtambo wa kampuni, nao haujui ampeleke nyumba gani. Hata DuckDNS, huduma ya kuunganisha jina na IP yako hata ikibadilika, hapo haifui dafu, itabandika jina lako kwenye IP ya watu wengi.

Lipia IP, mkuu. Ila waulize kwanza kama wanatoa IP ya umma inayobadilika. Ukiwa nayo hiyo, DuckDNS inatosha.

Nyika_Mombasa
Ndugu zangu, kwa IP ya kudumu mimi nina donda. Nilisimamia seva ya zahanati moja, kampuni sitaitaja. Tulilipia, ikafanya kazi vizuri. Siku moja fundi wao akaja kubadilisha ruta, akaweka nyingine, akaondoka. Kuanzia hapo zahanati haionekani. Napiga simu, naambiwa nizime ruta niwashe. Napiga tena, anapokea mtu mwingine, nizime niwashe. Ile ruta mpya ilikuwa imesajiliwa kama ya mteja wa kawaida, imerudishwa CGNAT, na pesa ya IP bado wanakata! Madaktari wa tawi la pili walirudi kwenye makaratasi kwa sababu yao. Hadi nilipokwenda ofisini kwao na risiti mkononi ndipo mtu mmoja akafungua kompyuta na kuangalia.

Tangu siku hiyo ni VPS na WireGuard (VPN, njia ya siri kati ya seva mbili) tu. Wageni wanagonga VPS, nayo inawapitisha hadi nyumbani. Seva ya nyumbani ndiyo inayoanza kuita nje, kwa hiyo CGNAT haina la kuzuia. Kwenye WireGuard weka PersistentKeepalive = 25 (ishara kila sekunde 25) ili njia isijifunge. Ukihama kampuni ya intaneti, wageni hawajui kama umehama.

BintiTanga
Pole sana kaka. Lakini VPS ikiwa Ujerumani, mteja aliye Dar atazunguka hadi Ulaya ndipo arudi kufika mtaa wa pili. Na ukishalipia VPS, kwa nini tovuti isikae hukohuko moja kwa moja? Cloudflare Tunnel nayo inaita kutoka ndani, ni bure, unahitaji domeini yako tu. Cheti cha HTTPS wanakupa wao.

Nyika_Mombasa
Wanakupa cheti kwa sababu usimbaji wa HTTPS unafunguliwa kwao, dada. Kila kinachopita wanaweza kukisoma. Taarifa za wagonjwa siwezi kuzipitisha hapo hata siku moja. Na kifurushi cha bure hakipokei faili linalozidi MB 100 kwa mara moja.

BintiTanga
Mwenye mada hajasema ana wagonjwa. Ndiyo maana niliuliza mapema ni tovuti ya nini na bado hajajibu.

pwani_net
Mmeisahau IPv6, mfumo mpya wa anwani. Kama kampuni inatoa, hakuna NAT (kugawana IP moja), unafungua fayawoli ya ruta basi. Tatizo ni mgeni ambaye mtandao wake una IPv4 pekee, huyo hatakufikia.

Mzee_wa_Ubuntu
Samahanini, nilikuwa kazini. Ni picha na bei za vitambaa vya duka la mke wangu, pamoja na fomu ya oda yenye namba za simu za wateja. IPv6 kwenye ruta hakuna. Kampuni nimewapigia kuuliza ile IP inayobadilika, wamesema watanirudia.

fundi_waya
Namba za simu nazo ni za kulindwa, hapo namuunga mkono Nyika. Ila hujasema jambo moja: umeme ukikatika inakuwaje?

Mzee_wa_Ubuntu
Seva ni laptopu, ina betri. Ruta na kile kiboksi cha faiba vinazima.

pwani_net
Kuna UPS ndogo za volti 12 zinabeba vyote viwili. Soma kwanza nyuma ya adapta zako ni ampia ngapi, nyingine hazitoshi. Zako zinasomaje?