Slivu au baipasi: nichague upasuaji gani wa kupunguza uzito nikiwa na kisukari?

Mama wa Tabata aliuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri katika jambo lililoninyima usingizi mwezi mzima. Nina umri wa miaka 41, urefu wa sentimita 162 na uzito wa kilo 118, hivyo uwiano wangu wa uzito na urefu ni kama 45. Kisukari cha aina ya pili kiligundulika miaka sita iliyopita. Ninatumia metformini na glibenklamidi, na kipimo cha mwisho cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilisoma asilimia 8.9. Magoti yananiuma kiasi kwamba kabla ya kufika ofisini kwangu, ghorofa ya pili, ninapumzika mara mbili kwenye ngazi. Mwaka juzi nilipungua kilo 14 kwa kujinyima na kutembea, na kabla mwaka haujaisha zilirudi zote na nyingine juu yake.

Daktari wa upasuaji amenieleza aina mbili, slivu, yaani kukata na kuondoa sehemu ya mfuko wa chakula, na baipasi, yaani kukipitisha chakula njia ya mkato hadi kwenye utumbo, akanipa wiki tatu za kufikiri. Dada yangu wa tumbo moja, anayeishi Muscat, alifanyiwa slivu na amependeza sana. Ananisisitizia nifuate njia hiyo hiyo kwa kuwa utumbo hauguswi, na moyo wangu umeelekea huko. Shemeji yangu naye anasema nisikatwe kabisa, niwekewe puto tu ndani ya mfuko wa chakula.

Liko jambo moja ambalo sikumweleza daktari kwa sababu nililiona dogo. Usiku ninalala nimeegemea mito mitatu, kwani nikilala chali ninaamshwa na kitu kichungu kinachopanda hadi kooni na kunikohoza. Je, hilo lina uzito wowote katika uchaguzi huu?

Bi. Mkubwa wa Kisauni alijibu:

Dada, pole. Lina uzito mkubwa, na ningependa mtu angeniambia hivyo kabla yangu.

Nilifanyiwa slivu miaka minne iliyopita nikiwa na kilo 124, na leo nina kilo 86. Sijutii kupungua, kwa kuwa shinikizo la damu limeshuka na ninaswali nikiwa nimesimama, jambo nililokuwa nimelikosa kwa miaka. Hata hivyo, mimi pia nilikuwa na kiungulia kabla ya upasuaji, nikakizoea hata nikaacha kukitaja, na wala sikufanyiwa kipimo cha kamera, ile inayoingizwa kwa mdomo kutazama koo na tumbo. Miezi minane baadaye hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Sasa ninameza dawa ya kupunguza tindikali kila asubuhi kabla ya chai, na nikila baada ya saa moja usiku najua sitalala. Daktari wangu wa sasa ameniambia kwamba slivu inaweza kubadilishwa kuwa baipasi endapo dawa hazitatosha, ila huo utakuwa upasuaji wa pili, wenye gharama ya pili na hatari zake zenyewe.

Dada yako huenda hakuwa na kiungulia, na ndiyo maana slivu imemfaa. Mwili wake si wako.

Daktari wa Makulu alijibu:

Mama, mimi ni daktari wa upasuaji wa jumla, na maelezo yangu hayawezi kuchukua nafasi ya daktari aliyekupima, lakini naomba nikueleze kwa nini ile mito mitatu ni habari anayopaswa kuijua kabla ya kitu kingine chochote.

Katika slivu tunakata na kuondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, tukabakiza mrija mwembamba mfano wa ndizi mbivu, na sehemu iliyoondolewa hairudishwi tena. Mtu hushiba upesi, na njaa yenyewe hupungua kwa kuwa sehemu ile ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo grelini. Ni kweli kwamba utumbo hauguswi. Tatizo ni kwamba mrija ule mwembamba una shinikizo kubwa ndani yake kuliko mfuko mpana uliokuwapo, na tindikali ikikosa nafasi chini hutafuta njia juu.

Katika baipasi hakuna kiungo kinachotolewa. Tunatenga kifuko kidogo juu ya mfuko wa chakula, chenye ujazo wa vijiko viwili vya mezani hivi, kisha tunakiunganisha na utumbo mdogo, ili chakula kisipite katika sehemu kubwa ya mfuko wala katika mwanzo wa utumbo. Tindikali nyingi hubaki upande wa pili, mbali na koo, na ndiyo sababu wagonjwa wengi wa kiungulia hupata nafuu. Sukari nayo mara nyingi huanza kushuka ndani ya siku chache, kabla uzito haujapungua kwa kiasi cha kuonekana, kwa kuwa homoni za utumbo hubadilika. Kwa hiyo glibenklamidi yako italazimika kupunguzwa au kuachishwa mapema chini ya uangalizi. Ukiendelea na dozi ya zamani huku unakula vijiko vitatu, sukari inaweza kushuka hadi ukapoteza fahamu.

Finland ilifanya utafiti mzuri katika suala hili. Wagonjwa 240 waligawanywa kwa kura kati ya mwaka 2008 na 2010, nusu wakafanyiwa slivu na nusu baipasi, wakafuatiliwa miaka kumi. Waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepoteza nusu hivi ya uzito wao wa ziada, na wa slivu asilimia 43 na kitu, tofauti ambayo peke yake isingenifanya nimlazimishe mtu. Lakini kamera ilipoingizwa, michubuko ya umio iliyotokana na tindikali ilionekana kwa asilimia 31 ya watu wa slivu, dhidi ya 7 ya watu wa baipasi. Wewe unaingia katika uamuzi huu tayari ukiwa na kiungulia kinachokuamsha usiku.

Kuhusu puto, huduma hiyo inapatikana hata hapa nchini, pale Muhimbili Mloganzila, na ina watu wake. Lakini mengi huwekwa kwa miezi sita kisha yakatolewa, na uzito hurudi kwa urahisi yakishatoka. Kwa uwiano wa 45 pamoja na kisukari, puto peke yake halitakutosha. Ule mkanda wa kubana mfuko uliovuma zamani siupendekezi, kwa kuwa wengi waliwekewa na baadaye wakarudi kuuondoa.

Naomba ujibu swali moja: kwa maumivu ya magoti unatumia dawa gani?

Mama wa Tabata:

Shukrani, Daktari. Ninatumia diklofenaki, asubuhi na jioni, karibu mwaka wa pili sasa. Ninainunua duka la dawa la hapa mtaani.

Daktari wa Makulu:

Nilihofia hivyo. Diklofenaki, ibuprofeni na dawa za jamii hiyo ni adui wa baipasi. Pale tunapounganisha kifuko na utumbo huweza kutokea kidonda, na kidonda hicho huweza kuvuja damu au kutoboka. Sigara nayo huleta madhara hayo hayo. Mtu ambaye hawezi kuishi bila dawa hizo, kwa mfano mwenye ugonjwa wa viungo usio na tiba nyingine, mara nyingi tunamwelekeza kwenye slivu. Kwako naona mlango bado uko wazi, kwa sababu magoti yako huenda yanalemewa na kilo 118 na yatapata nafuu mzigo ukipungua, na parasetamoli inaweza kukusogeza hadi hapo. Lakini jaribu kuiacha diklofenaki sasa, kabla ya upasuaji, ili ujue kama unaweza. Pia omba kipimo cha kamera pamoja na kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo, ambao ni wengi sana katika watu wetu na wanatakiwa kutibiwa mapema.

Mume wa Songea aliandika:

Mimi si mtaalamu. Ninaandika kwa sababu mke wangu alifanyiwa baipasi na ninataka Mama ajue kinachofuata baada ya kutoka hospitali, kwa kuwa hapo ndipo sisi tulipojikwaa.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri: sukari ilitulia na nguo zote zikampwaya. Mwaka wa pili tukahamia huku, vidonge vyake vya vitamini na madini vikawa havipatikani kwa urahisi, naye kwa kuwa alijiona mzima akaacha kuviulizia. Taratibu akaanza kuchoka, akawa anahema akichota maji, na viganja vikapauka. Siku moja nilimkuta jikoni anatafuna mchele mbichi kwa siri, nikadhani ana mimba. Alipopimwa, damu ilikuwa imeshuka hadi gramu 7, na chuma mwilini kilikuwa karibu kuisha. Mtaalamu alitueleza kwamba sehemu ya utumbo iliyorukwa ndiyo inayonyonya chuma kwa wingi, hivyo vidonge vile ni vya maisha yote, kama miwani kwa asiyeona mbali.

Tangu hapo tuna daftari. Kila ukurasa una mwezi wake, ninaandika vidonge vilivyobaki na tarehe ya sindano ya B12, na vikibaki vya wiki tatu ninaagiza Dar kwa basi. Damu anapima kila baada ya miezi sita. Mama, jiulize kama mahali ulipo unaweza kuyafanya haya mwaka wa kumi, siyo wa kwanza tu. Tabata una nafasi nzuri kuliko sisi.

Daktari wa Makulu:

Ndugu, umesema jambo ambalo wengi wetu tunalitaja kwa dakika mbili tu chumba cha daktari. Niongeze kwamba slivu nayo inahitaji vitamini na vipimo, ingawa upungufu wake kwa kawaida ni mdogo. Na kwa mwanamke ambaye bado anatazamia kuzaa, mimba isubiri walau mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, kwa upasuaji wowote kati ya hii miwili.

Mama wa Tabata aliandika baada ya wiki mbili:

Nimerudi kwa daktari wangu na nimemweleza yote, mito na diklofenaki. Alinyamaza kidogo, kisha akaniandikia kamera siku hiyo hiyo. Umio una michubuko upande wa chini, na bakteria wameonekana. Nimeanza dozi ya siku 14. Diklofenaki nimeiacha siku ya tisa leo. Magoti yanauma, lakini ninaweza. Tumekubaliana kuelekea baipasi, ila tarehe haitapangwa mpaka nipimwe tena na kuthibitishwa kwamba bakteria wamekwisha. Dada yangu wa Muscat alikasirika kidogo, kisha akakiri kwamba yeye hajawahi kuamshwa na kiungulia hata siku moja.

Kaka wa Songea, daftari nimeshanunua. Naomba unieleze, shemeji anameza chuma na kalsiamu kwa wakati mmoja?

Mume wa Songea:

Hapana, Mama. Vikikutana vinazuiana. Chuma anameza usiku kabla ya kulala, kwa maji, kamwe si kwa chai. Kalsiamu anameza asubuhi na mchana. Yapishane kwa saa mbili au zaidi. Katika daftari chora safu mbili, usiziandike pamoja.