"Atividades deficitárias" kwa Kiingereza: "unprofitable" au "loss-making"?

Swali

Ninatafsiri kutoka Kireno kwenda Kiingereza ripoti ya mwaka ya kampuni inayokusudia kuuza au kufunga "atividades deficitárias" zake, yaani shughuli zinazopata hasara. Niliandika "deficit activities", lakini mhariri amelikataa bila kueleza sababu. Je, nitumie "unprofitable" au "loss-making", na je, tofauti yake ina uzito wowote kwa msomaji wa hesabu?

Jibu la kwanza

Mhariri yuko sahihi, kwa sababu Kiingereza hulitumia neno "deficit" zaidi kwa bajeti ya serikali na urari wa biashara, ilhali Kireno huita "deficitário" hata kitengo kimoja cha kampuni. Andika "loss-making", kwani ndilo linalotamka waziwazi kwamba gharama zimezidi mapato. "Unprofitable" ni pana zaidi: shughuli iliyorudisha gharama zake bila kubakiza chochote inaweza kuitwa hivyo ingawa haikupata hasara, na mwekezaji anayetaka kujua kama mtaji wake unaliwa au umesimama tu hawezi kuipuuza tofauti hiyo. "Non-profit" usiliguse kabisa. Hilo ni la taasisi zisizolenga faida, ambazo Kireno huziita "sem fins lucrativos".

Jibu la pili

Ninakubaliana na mwenzangu, ila jihadhari pia na "prejuízo", ambalo katika hesabu ni "loss", wala si "prejudice". Liko karibu sana na "hasara" yetu, kwa kuwa nalo hubeba upungufu wa fedha na madhara kwa pamoja, na kwa hiyo anayelipima kwa Kiswahili hulielewa upesi kuliko anayepitia Kiingereza.

Jambo jingine ni "discontinued operations" (shughuli zilizositishwa au zinazouzwa), istilahi ya kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IFRS 5, ambayo Brazili huiita "operações descontinuadas" na Ureno "unidades operacionais descontinuadas". Istilahi hiyo haisemi lolote kuhusu hasara, kwa maana hata kitengo chenye faida nono kinaweza kuuzwa, hivyo usiifanye kisawe cha "deficitárias".

Muulizaji

Ninawashukuru. Nimerudi kwenye majedwali na kukuta kwamba, kati ya vitengo vitatu vilivyotajwa, viwili vina hasara na cha tatu kimerudisha gharama zake kamili. Nitaandika "loss-making" kama matini inavyosema, kisha nitaiuliza kampuni kuhusu kitengo hicho kabla ya kukabidhi tafsiri.