Gemu mpya ya kudansi: tumepigwa changa la macho, inapima kiganja tu!

Wakuu, poleni na majukumu. Leo nimekuja na povu, asiyetaka povu apite kimya kimya.

Wiki mbili zilizopita nilinunua hii gemu mpya ya kudansi ya konsoli (ile mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye tivii) ambayo trela yake imezagaa kila kona. Jina silitaji, sitaki kesi, walio nayo wataijua kabla hawajafika katikati ya uzi. Kwenye trela unaona familia nzima sebuleni, miguu inakwenda, viuno vinakwenda, na maandishi makubwa kwamba kila hatua yako inahesabiwa. Kila hatua! Hayo maneno yashikeni.

Shangazi yangu ana goti bovu, akisimama muda mrefu linavimba. Jumamosi alipita nyumbani akatukuta tunacheza. Mimi nipo katikati ya sebule, meza nimeisukumia ukutani, fulana imeloa, narudia wimbo uleule mara ya tano nikitafuta nyota tano. Napata nne. Nne. Nne tena. Shangazi akasema naye apewe. Akakaa kwenye kochi, goti akalinyoosha juu ya stuli, pedi (kile kidude cha kuchezea gemu) mkono wa kulia, akawa anamfuatisha yule mchezaji wa kwenye skrini kama mtu anayefukuza inzi. Mkono wa kushoto ameshika simu, anaongea na mtu.

Nyota tano. Mara ya kwanza kushika pedi maishani mwake.

Nikasema hiyo bahati tu. Nikakaa mimi mwenyewe, wimbo uleule, nimekunja nne kwenye kochi, nachezesha kiganja. Nyota tano. Nikasimama, nikaucheza wote kwa miguu, pamoja na ile hatua ya kuvusha mguu na kugeuka ambayo ilinichukua jioni nzima kuinyoosha. Nyota nne. Yaani ukidansi kweli unaadhibiwa, maana mwili ukigeuka mkono nao unayumba, na mashine haina habari na mwili.

Kwa wasiofahamu, ndani ya pedi kuna kihisi kinachosikia mkono umeongeza kasi kuelekea wapi, na kingine kinachosikia umezunguka kiasi gani. Kazi yote ya gemu ni kulinganisha huo mtikisiko na mtikisiko iliohifadhi kwa ajili ya hatua hiyo. Miguu yako haiijui. Kiuno haikijui. Ukiwa umelala chali haijui pia, nimejaribu.

Najua wapo watakaokuja kusema "mkuu gemu za kudansi zote ndivyo zilivyo". Si zote, na ndipo hasira yangu inapoanzia. Dance Dance Revolution ya Konami iliingia kwenye kumbi za michezo Japani 1998, mwaka uliofuata ikafika kwenye PlayStation, konsoli ya Sony, na nyumbani ukaichezea juu ya mkeka wenye mishale minne. Mkeka haukujua mikono, sawa, lakini mguu ama umekanyaga kwa wakati ama hujakanyaga, hakuna longolongo. Halafu 2010 Microsoft wakaleta Kinect, kamera iliyopima umbali wa mwili wako kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, na watengeneza gemu Harmonix wakaitengenezea gemu ya kudansi, Dance Central. Hushiki kitu chochote. Ukikosea mkono wa kushoto, mkono wa kushoto wa mchezaji wa kwenye skrini unawaka mwekundu, unajua leo umevurunda wapi. Ilitaka nafasi kubwa na ilikuwa na vituko vyake, na mwaka 2017 Kinect ikaacha kutengenezwa kabisa. Lakini ilikuangalia! Gemu ya Just Dance ya kwanza, 2009 kwenye Wii, konsoli ya Nintendo, ilipima mkono mmoja kama hii yangu, na tuliisamehe kwa sababu rimoti ndiyo kitu pekee ilichokuwa nacho. Miaka yote hii imepita, mtu ananiuzia kiganja kilekile halafu ananiandikia "kila hatua".

Tuje kwenye sauti, maana hapa ndipo nilipotaka kupasua kitu.

Siku ya kwanza nilijilaumu kwamba sina mdundo. Nilikuwa napiga kofi pamoja na muziki, gemu inaniandikia "umechelewa". Nikipiga kofi pamoja na picha, naonekana kichaa kwa waliokaa pembeni wanaosikia muziki. Nikaweka simu kwenye stuli, nikarekodi kwa mwendo wa pole, fremu 240 kwa sekunde, nikahesabu fremu moja moja tangu viganja vya yule wa kwenye skrini vinakutana hadi kofi kusikika kwenye sabufa. Fremu 43. Hiyo ni kama milisekunde 180. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kati ya pigo na pigo, kwa hiyo sauti inanifikia zaidi ya theluthi ya pigo imeshapita. Hapo hata aliyezaliwa ngomani angeonekana hajui kucheza.

Sehemu ya kosa ni yangu, sikatai. Sabufa nilikuwa nimeiunganisha kwa Bluetooth, na Bluetooth huchelewesha sauti. Nikachomeka waya, tivii nikaiweka kwenye hali ya gemu ili iache kuipamba pamba picha, ikawa afadhali. Lakini gemu ya muziki isiyokuwa na namna ya kurekebisha hilo ni ya kazi gani? Kwenye menyu kuna kitufe kimoja tu cha kuvuta kulia na kushoto, kinasogeza picha na sauti kwa pamoja! Rock Band 2, gemu ya kupiga ala ya mwaka 2008, ilikuruhusu kurekebisha sauti kivyake na picha kivyake, na gitaa lake la kuchezea lilikuwa na vihisi vya kuifanya hiyo kazi lenyewe. 2008, wakuu.

Mpwa wangu anatumia mkono wa kushoto. Hakuna mahali pa kuiambia gemu hivyo. Akishika pedi kushoto anapata nyota moja, akihamishia kulia anacheza kama amefungwa kamba. Ana miaka tisa, akaniuliza amekosea nini.

Pedi za ziada ukikosa, wanasema tumia simu. Simu haina kamba ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono, na kiganja chenye jasho mnakijua. Yangu ilipaa ikatua nyuma ya kabati. Kioo kimepona, moyo bado.

Na boksi lenyewe halina diski. Unafungua, unakuta kikaratasi chenye namba za kuingiza. Nyimbo zilizonivutia kwenye trela, nyingi zimefungiwa kwenye malipo ya kila mwezi, na zinapita kwenye intaneti, kwa hiyo mtandao ukiyumba mchezaji anaganda mguu juu huku wewe umeinua wako unamsubiri. Kuirudisha nako haiwezekani, namba zikishaingizwa basi. Nimewaandikia huduma kwa wateja mara mbili. Jibu la kwanza: hakikisha umesimama mita mbili kutoka kwenye tivii. Gemu haina kamera! Mita mbili za nini?

NYONGEZA: mdau mmoja ameniambia niweke pedi ya pili kwenye mkono wa kushoto ili ihesabu mikono yote miwili. Nimejaribu sasa hivi. Inaihesabu kama mchezaji wa pili, nimejifunga mwenyewe kwa nyota moja.

NYONGEZA 2: wanaouliza kama naiuza, ipo kwenye akaunti yangu, haihamishiki. Na kwa hapa nyumbani kuna mteja mmoja tu aliyeridhika. Amepiga simu mchana huu kuuliza kama rekodi yake bado ipo juu, na Jumamosi anakuja na stuli yake mwenyewe.